Sega la Wenyewe

Majengo, Mpanda
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu, ukiacha vumbi la mashine ya kusaga ambalo limeshahamia kifuani kwangu. Magoti yako yanasemaje? Na Shangazi Dorika, bado ni uji tu au ameanza kugusa ugali? Nasikia huko Inyonga baridi imewahi mwaka huu.

Ujumbe wako umenifikia kwa yule dereva wa bodaboda. Kasema: "Mzee anataka uende mwezi wa sita akukabidhi kazi ya kutenga sega la Wenyewe, magoti yamemkatalia." Akarudia mara mbili, kama vile kiziwi ni mimi. Baba, nashukuru kwa heshima hiyo, lakini naomba umtafute mwingine. Mimi ni mtu wa mjini sasa, na mashine haina likizo. Egide ni mrina asali wa siku nyingi, analijua pori kunishinda, na Wenyewe, hao wenye pori wasioonekana, wanamjua.

Kuna jingine. Wiki iliyopita nilikutana sokoni na mke wa Kassiani, amekuja kuuza dagaa kutoka Ikola. Nusura nisimtambue. Anasema Kassiani anavuta nyavu za watu huko ziwani, haongei, na akitajiwa mama yake anatoka nje. Karibu miaka minne tangu tumzike Kaka Jonas, na muda wote huo Kassiani hajakanyaga Inyonga. Ni mtoto wa dada yako, Baba, na dada yako anaumwa. Hakuna namna ya kumrudisha? Nakuuliza kwa barua kwa sababu kwenye simu ya jirani utaniambia niongeze sauti, na mtaa mzima utasikia.

Mwanao,
Danford


Inyonga
13 Mei 2025

Danford mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo kwa kiasi cha wagonjwa. Magoti yangu ukitaka habari zake njoo uyaulize mwenyewe. Shangazi yako anakunywa uji, anameza dawa, anamuulizia Kassiani kila asubuhi, na mimi najifanya sijasikia. Ukiziwi nao una faida zake.

Unaniambia Egide. Egide anaongea kuliko redio. Kazi hii ni ya ukoo wetu tangu babu yangu, na ilikuwa iwe ya Jonas. Jonas hayupo, umebaki wewe. Sikukuomba, nilikuambia.

Kuhusu Kassiani umegusa kidonda. Nikukumbushe, maana naona mji umekusahaulisha. Mwaka ule tulikuwa wanne kambini: mimi, marehemu Jonas, wewe na yeye. Nikatenga sega la kwanza ndani ya mzinga mdogo juu ya ule mti wa mtundu, nikafunga kizibo kwa mkono wangu kama inavyotakiwa. Siku ya kwanza nikafungua, lipo. Nikawaambia, kesho likiwepo tunarudi nyumbani, Wenyewe wamekataa tusirine asali mwaka huu. Kesho yake nikafungua mbele yenu, halipo, hata tone, na kizibo kimefungwa vilevile. Nyegere hafungi kizibo. Ni Wenyewe walikuja, sina shaka hata kidogo. Tukavuka mto kwenda kwenye mizinga mikubwa ya ng'ambo, Jonas akapanda, tawi likakatika.

Sasa kama walikuwa wamekubali, nani aliwaudhi? Ni Kassiani, aliyerudi kijijini katikati ya kazi kuchukua unga, na ndani ana mke mpya. Kila mtu anajua mrina asali halali na mkewe mpaka kazi iishe. Alikana, lakini nilishasema mbele ya watu kwamba Wenyewe wamemkataa, na neno lile siwezi kulimeza.

Tangu hapo, misimu mitatu mfululizo, natenga sega na linabaki palepale mpaka linakauka. Tunarudi na madumu matupu. Watu wanasema kosa la Kassiani bado liko porini. Njoo mwezi wa sita, labda mkono wako watauridhia.

Baba yako,
Evodi


Majengo, Mpanda
18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za afya nitauliza siku nyingine, leo nikiendelea na salamu sitafika ninakotaka kufika.

Sega lile nililila mimi.

Nimeandika hivyo kwenye karatasi tatu nikazichana. Hii ya nne naiacha. Siku ile ya pili asubuhi, Jonas na Kassiani walipokwenda kuchota maji na wewe ukiwa unanoa shoka, nilipanda mtundu, nikafungua kizibo, nikala. Wala sikuwa na njaa, tulikuwa tumekula viazi. Nilichoka kungoja. Nilijua ukisema turudi, tutakuja tena baada ya wiki mbili kuanza upya, na mimi nilikuwa nimeahidiwa hii kazi ya mashine. Nikajisemea, hakuna cha Wenyewe wala nini, ni mzee na mila zake, ngoja niwasaidie kukubali. Nta niliitupa mtoni. Kizibo nilikirudisha nikakigonga kwa ngumi.

Ulipofungua ukakuta halipo, ulicheka, Baba. Sijawahi kukuona ukicheka vile. Nilifurahi kwamba nimekufurahisha. Saa nane mchana Jonas alikuwa amelala chini ya mninga, damu inamtoka sikioni.

Sijui kama Wenyewe wapo. Nikisema hawapo, basi tawi lilikatika tu, na aliyetuvusha mto ni mimi. Nikisema wapo, basi niliwaibia chakula chao wakamchukua kaka yangu, na bado ni mimi. Nimeligeuza hili huku na huku miaka yote hii, na kila upande nalikuta jina langu. Na mlipomgeukia Kassiani nilikuwa nimesimama palepale, na mdomo ninao. Siku anaondoka alinipa mkono akasema, "Wewe angalau unaniamini, Danford." Nikamjibu ndiyo.

Nifanye unavyotaka. Ila usiniite mrithi wa kazi hiyo.

Mwanao, kama bado,
Danford


Inyonga
15 Juni 2025

Danford,

Marahaba. Barua yako imekaa chini ya godoro wiki nne. Mwanzoni ilikuwa hasira, nilitaka nije huko na fimbo, kwa magoti haya haya. Baadaye ikawa aibu, na aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Nitakuambia neno ambalo baba yangu aliniambia siku ananikabidhi kazi, na ambalo wewe ungelisikia mwezi huu. Anayetenga sega ndiye anayeliondoa.

Ndivyo ilivyo. Unatenga, halafu unazunguka pori peke yako unatazama. Tembo wamepita wapi, moto umeunguza wapi, miti gani imeliwa na mchwa. Ukiona ni salama, unaliondoa sega kwa siri na watu wanaingia kazini kwa moyo mmoja. Ukiona hatari, unaliacha, na watu wanarudi nyumbani bila ubishi. Kubishana na mzee Evodi kila mtu anaweza, kubishana na Wenyewe hakuna anayethubutu. Miaka ishirini na sita nimeliondoa na kulila, ndiyo maana meno yangu yako hivi. Nilimuuliza baba yangu kama Wenyewe wapo kweli. Akasema, wapo au hawapo, wewe tazama miti.

Mwaka ule niliitazama. Ng'ambo moto ulikuwa umepita, mininga imesimama lakini ndani ni vumbi. Sega nililiacha kwa makusudi. Nilikuwa nimeshaamua turudi. Halafu nikafungua, nikakuta halipo.

Nielewe, mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa nawasemea watu ambao sijawahi kuwaona, na asubuhi ile nikadhani wamekuja. Wamekuja wenyewe na kizibo wamefunga. Ndicho kilichonichekesha. Nikajiambia, kama wamekubali, mimi na macho yangu ni nani? Nikamwambia Jonas apande mti ambao jana yake nilikuwa nimeugonga kwa shoka nikausikia ulivyo mtupu.

Alipoanguka sikuweza kusema nimekosea. Ningempoteza Jonas na Wenyewe pia kwa siku moja. Nikatafuta mtu wa kumtwika, na Kassiani alikuwa karibu. Tangu hapo natenga sega na siligusi, nangoja waje tena. Sasa najua niliyekuwa namngoja alikuwa Majengo anasaga mahindi.

Wewe uliiba sega, mimi niliujua mti. Usibebe mzigo wangu juu ya wako, ila wako ubebe. Niambie tufanye nini kuhusu Kassiani kabla dada yangu hajafa.

Baba yako,
Evodi


Majengo, Mpanda
23 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, usingizi ndio haupo. Shangazi mpe pole yangu. Nilipomaliza barua yako nilikaa juu ya gunia la pumba mpaka wateja wakadhani mashine imekufa. Sijui nikuonee huruma au nikukasirikie, nafanya vyote kwa zamu.

Sikukuomba ruhusa. Jumamosi nilipanda basi la Ikola. Nilimkuta Kassiani anashona nyavu, nikamwambia yote, ya kwangu na ya kwako. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Hakunipiga. Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha, ndipo akasema:

"Siku ile nilipofuata unga sikuingia hata ndani. Nilimwambia mke wangu anipitishie dirishani, nisije nikajaribiwa. Halafu nyie mkasema nimelala naye. Miaka yote najiuliza, labda kumtamani tu kulitosha. Labda nimemuua Jonas kwa kumtamani mke wangu mwenyewe. Unajua mara ya mwisho kumgusa ni lini?"

Hawana mtoto, Baba. Nilidhani ni Mungu hajawapa.

Amekubali kuja kumwona mama yake. Ila anataka useme wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu walewale. Nakusihi, Baba. Ukiniita nitakuja.

Mwanao,
Danford


Inyonga
2 Julai 2025

Danford,

Marahaba. Shangazi yako ana nafuu, na sababu yake ni moja. Kassiani alifika Jumamosi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia amekonda, akaomba ugali. Mimi nilikuwa mlangoni. Hakunisalimia, na sikustahili.

Jumapili baada ya misa niliwasimamisha warina asali wote. Nimesema. Kwamba sega huwa naliondoa mimi, kwamba mwaka ule niliujua mti na nikavuka, kwamba Kassiani hana kosa. Jina lako sikulitaja, nimesema hata lile la mwaka ule niliondoa mimi. Usinibishie.

Egide akanishika bega, akasema, "Pole, Mzee. Uchungu wa mtoto hauzoeleki. Twende ukapumzike." Danford, hawakuniamini. Wanasema nimechanganyikiwa. Wengine wanasema Kassiani kaja na dawa ya ziwani ndiyo inayonisemesha. Nimewadanganya maisha yangu yote wakaniheshimu, nimesema kweli mara moja wananipa pole. Jana mama mmoja kamwaga maji aliyochota, kwa sababu Kassiani alichota kabla yake.

Egide katoa shauri na wote wameafiki. Kassiani atenge sega mwenyewe, Ijumaa tarehe 11, na Jumapili asubuhi lifunguliwe mbele ya watu. Wenyewe wakilichukua, amesafishwa. Likibaki, aondoke, na asirudi hata kumzika mama yake.

Mimi mti sipandi tena, na sasa wananitazama kila niendako. Nilimdokeza Kassiani alichukue mwenyewe. Akasema hajachafuka, hawezi kujisafisha kwa uongo. Umebaki wewe. Njoo Jumamosi hiyo mchana, watu watakuwa kwenye mizinga ya jirani, pitia upande wa mto. Kile ulichokula kwa kiburi, ukile sasa kwa ajili ya ndugu yako. Kosa likirudiwa kwa wema sijui linaitwaje, hilo sikufundishwa.

Baba yako,
Evodi


Kambini
13 Julai 2025

Mwanangu Danford,

Salamu fupi, dereva aliyeleta unga anataka kuondoka. Sote wazima.

Asante. Halipo, limekwisha kabisa, na kizibo umekifunga vizuri kuliko mimi. Egide alipiga magoti pale chini ya mti akamwomba Kassiani msamaha, wakambeba juu juu mpaka kambini. Hata mimi Kassiani kaniita Mjomba, mara moja tu, lakini nimesikia. Sikukuona ukipita, na hata mbwa hawakukubwekea.

Watu wamechoka na madumu matupu, wanataka kuvuka ng'ambo Alhamisi. Wanasema Kassiani ndiye apande wa kwanza, kwa heshima. Nimewaacha wafurahi kwanza.

Baba yako,
Evodi


Majengo, Mpanda
15 Julai 2025

Baba,

Sikuja.

Jumamosi nilifika stendi na tiketi mkononi, nikaingia kwenye basi la Inyonga, nikakaa. Ikanijia kwamba kabla ya kufika porini ningepita kaburini kwa Jonas, ambako sijafika tangu siku ya mazishi. Konda alipoanza kuhesabu abiria nikashuka. Nilirudi Majengo nikawasha mashine, nikasaga mahindi ya watu mpaka jioni, huku nikijua kabisa ninachokifanya. Nimemwacha Kassiani mara ya pili. Jumapili nzima nilikuwa namwona akifukuzwa.

Kwa hiyo sijui nani kalichukua. Nimesoma barua yako nywele zikanisimama. Lakini Baba, hata kama ni wao, hata kama wapo na safari hii wamekuja kweli, mwaka ule ulidhani hivyohivyo. Tazama miti. Usimpandishe Kassiani. Nimepiga kwa jirani, anasema wote mko porini. Hii nimempa dereva aifikishe mpaka kambini. Ningeweza kupanda nyuma ya pikipiki yake nije mwenyewe, lakini unaona, nimekaa hapa naandika. Ndivyo nilivyo.

Nisamehe. Na yeye anisamehe.

Mwanao,
Danford


Inyonga
19 Julai 2025

Danford,

Marahaba, ingawa hukunisalimia. Shangazi yako anakula, anagomba, amepona. Kassiani amemtuma mtu Ikola akamlete mkewe.

Barua yako ilifika kambini Ijumaa, pikipiki ilimharibikia dereva njiani. Ingekuwa ya kuokoa mtu ingekuwa imechelewa. Ila mimi nilidhani ni wewe uliyelichukua sega, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kimetulia, hakukuwa na ajabu lolote la kunipofusha. Jumatano nilivuka peke yangu, maji ya magotini, fimbo mkono mmoja na shoka mkono wa pili, nikagonga mti mmoja mmoja. Mitupu yote. Ule wa Jonas umeshaanguka.

Baada ya kusoma barua yako nilimwita Kassiani pembeni nikamuuliza nani kalichukua. Akasema, "Mjomba, safari hii usiniulize kitu." Sikumuuliza tena, na wewe usije ukamuuliza. Inawezekana ni yeye. Inawezekana si yeye. Kazi ya kutenga sega nimempa yeye, na neno la baba yangu nimempa.

Alhamisi asubuhi walikuwa wamejipanga ukingoni, kamba mabegani, Kassiani mbele. Nikawaambia, "Wenyewe wametoa ya upande huu tu." Egide akasema, "Sawa, Mzee." Wakageuka wote wakaanza kurina huku huku, na hakuna aliyenuna.

Ni maneno machache tu, Danford. Niliyasema kabla hata sijakohoa. Mwaka ule Jonas alisimama palepale, akageuka kunitazama, akasubiri niseme.

Baba yenu,
Evodi